Nani Alichagua Tango Lako?

Ukiingia agrovet yoyote hapa Nairobi na kuuliza mbegu za matango, utapewa majina yanayosikika kama ya wanafunzi wa shule ya bweni ya wazungu: Ashley, Marketmore, Poinsett. Ukiuliza tofauti yake, muuzaji atakuambia hii inazaa sana, hii nayo inazaa sana, na ile ya bei ni F1, hiyo sasa ndiyo inazaa sana sana. Hakuna anayekuambia Ashley ni nani.

Mimi hupanda kwa ndoo. Niko Zimmerman, na caretaker wa ploti yetu ametuachia kona moja juu ya paa, karibu na tangi la maji, mradi tusizibe kamba za kuanikia nguo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa tu, na tangu hapo nimekuwa nikiandika vitu vya watu mtandaoni kwa malipo ya kila makala. Kazi hiyo inamaanisha niko nyumbani mchana kutwa, na mtu aliye nyumbani mchana kutwa mwishowe hupanda kitu. Sukuma haikusumbui na maswali. Unanunua miche, unachomeka, inakua. Tango ndilo lililonidai nichague, na kwa sababu sikutaka kuchagua kwa kuangalia picha ya pakiti, nilianza kusoma. Nikapata kwamba swali langu lilikuwa limejibiwa tayari, mara nyingi, na watu waliokuwa na shida zao wenyewe. Shida hizo ndizo tunazouziwa kwa pakiti.

Tuanze mwanzo kabisa. Tango la mwitu bado linaota kwenye vilima vilivyo chini ya Himalaya, upande wa India na Nepal. Ni dogo na ni chungu vibaya sana. Uchungu huo unatokana na kemikali iitwayo kukabitasini, na ni silaha ya mmea dhidi ya yeyote anayetaka kuula. Kwa hiyo aina ya kwanza ya tango la bustani ilichaguliwa na mtu aliyeonja, akatema, akaonja la pili, akatema tena, akafika kwa moja ambalo si baya sana, akaweka mbegu zake. Halafu mjukuu wake akafanya hivyo hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa China walichapisha katika jarida la Science jinsi uchungu huu unavyotengenezwa: jeni tisa zinafanya kazi yenyewe, na juu yake kuna swichi mbili, moja ya majani na nyingine ya tunda. Wakulima wale wa kale walikuwa wameizima ile ya tunda bila kujua kuna kitu kama swichi.

Hawakuizima yote, lakini. Mmea ukipata kiu au joto kali, tunda linaweza kurudi kwa uchungu wake wa zamani, hasa upande wa kikonyo. Ndiyo maana bibi zetu hukata ncha ya tango na kuisugua kabla ya kula. Kusugua kwenyewe sidhani kunasaidia sana, ila kukata ile ncha kunasaidia, kwa sababu uchungu umejaa hapo.

Afrika nayo ilikuwa na ndugu wa tango. Kuna lile tunda la miiba, la rangi ya chungwa likiiva, ambalo huota lenyewe sehemu kavu za nchi hii. Wataalamu huliita Cucumis metuliferus. Watu wa New Zealand walianza kulilima kibiashara, wakalipa jina Kiwano, na sasa unaweza kulikuta supermarket ya wenye pesa likiuzwa kama kitu kigeni. Kuna lingine, Cucumis anguria, lililovuka Atlantiki wakati wa biashara ya watumwa na kuota mizizi Karibi na Brazil. Waingereza wakaliita tango la West Indies, kama kwamba lilizaliwa huko. Ndugu hawa wa Kiafrika wana kromosomu 24 na tango lina 14, kwa hiyo hawazaliani. Shika hiyo namba, itakufaa tukifika kwa mbegu.

Sasa, kuna hadithi moja ambayo kila makala ya historia ya tango lazima iwe nayo, na ni ya uongo. Mfalme Tiberius wa Roma, ati alipenda matango kiasi kwamba alikula kila siku ya mwaka. Plini Mzee ndiye aliyeandika: watunza bustani wa mfalme walipanda kwenye vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani mchana, na siku za baridi wakavirudisha ndani na kuvifunika kwa mawe yanayopitisha mwanga. Wengi huona hiyo ndiyo grinhausi ya kwanza kuandikwa popote. Vitanda na magurudumu sina shaka navyo. Shida ni mboga yenyewe. Mwaka 2008 Harry Paris na Jules Janick, wataalamu wawili wa historia ya mimea hii, walirudi kwenye maandishi na michoro ya kale wakaonyesha kwamba neno cucumis la Kilatini wakati ule halikuwa tango. Lilikuwa tikiti refu, jembamba, lililojikunja kama nyoka, lenye manyoya, ambalo huliwa likiwa changa. Tango lenyewe, wanasema, lilifika Ulaya baadaye sana, katika zama za kati, kwa njia mbili tofauti: moja ya nchi kavu ikipitia Uajemi hadi Ulaya ya mashariki, nyingine ya Waislamu ikiingilia Andalusia.

Hii inagusa hata Biblia ya mamangu. Katika Hesabu sura ya 11 Waisraeli wako jangwani wamechoka na mana, wanakumbuka vyakula vya Misri, na Biblia ya Kiswahili inataja matango kabla ya matikiti na vitunguu. Kwa ushahidi wa Paris na wenzake, walichokuwa wakililia ni lile tikiti la nyoka. Nilipomwambia mama haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuacha chuo kumeniacha na muda wote huo.

Nilipita haraka hapo kwa sababu kuna kipindi kinachonivutia zaidi, nacho ni kile ambacho tango lilianza kuchaguliwa kwa macho badala ya mdomo.

Mtu wa kwanza kunichekesha ni George Stephenson, yule mhandisi wa reli wa Uingereza. Alipostaafu alikwenda kuishi Tapton House, karibu na Chesterfield, akaingia kwenye bustani kwa hasira ile ile aliyojengea reli. Matango yake yalikuwa yanapinda. Hilo likamkera, akaagiza mirija ya kioo itengenezwe, akayaingiza matango machanga ndani yake, yakakua yamenyooka kama reli. Alifariki mwaka 1848. Mirija yenyewe bado ipo kwenye makumbusho. Tango lililopinda lina ladha ile ile, kila mtu anajua, lakini tayari kulikuwa na mtu mwenye pesa aliyeona kupinda ni kosa.

Miaka 140 baadaye kosa hilo likawa sheria. Kanuni namba 1677 ya mwaka 1988 ya Jumuiya ya Ulaya ilisema tango la daraja la kwanza lisipinde zaidi ya milimita 10 kwa kila sentimita 10 za urefu. Waingereza walicheka kanuni hiyo miaka mingi, ila haikuwa ya wendawazimu. Matango yaliyonyooka hupangika vizuri kwenye katoni, na mnunuzi aliye mbali anajua katoni ina mangapi bila kuifungua. Ilifutwa tarehe 1 Julai 2009. Wakati huo, lakini, wazalishaji wa mbegu walikuwa wamechagua matango yanayonyooka kwa vizazi na vizazi, na kufuta karatasi hakupindishi tango. Marekani nao walikuwa na lao: mwaka 1935 aina moja ilishinda tuzo ya kitaifa ya mbegu mpya, na jina lake lilitaja unyoofu na urefu wa inchi nane, Straight Eight. Ladha haimo kwenye jina.

Basi turudi kwa Ashley.

Charleston ni mji wa bandari katika jimbo la South Carolina, joto, unyevu, umezungukwa na mito, na mmoja wa mito hiyo unaitwa Ashley. Hapo kulikuwa na kituo cha utafiti wa mboga cha chuo cha Clemson, na ndani yake mtafiti aitwaye W. C. Barnes. Shida ya Barnes ilikuwa ubwiri vinyoya. Kama umewahi kupanda tango wakati wa mvua ndefu unaujua hata kama hujui jina: jani linapata mabaka ya njano yenye pembe, yamefuata mishipa ya jani kama mtu ameyachora kwa rula, na ukiligeuza asubuhi na mapema unakuta utando wa kijivu upande wa chini. Wiki mbili, mmea mzima umekauka. Kiumbe kinachouleta kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1868 kutoka Cuba, ndiyo maana jina lake la kisayansi linaishia na cubensis.

Barnes alitoa aina iitwayo Palmetto mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilistahimili ubwiri, ikasifiwa. Halafu ugonjwa ukabadilika. Kufikia 1952 yeye na mwenzake Epps walikuwa wanaripoti kwamba Palmetto imeanza kushikwa. Hebu fikiria kazi ya miaka mingi, aina imeshatangazwa, wakulima wameshanunua, na unalazimika kuandika kwa mkono wako kwamba imeanguka. Akarudi kazini. Mwaka 1956 akatoa Ashley, akiwa ameitolea upinzani kwa matango yaliyokuwa yamezalishwa Puerto Rico, kisiwa chenye mvua na joto ambako tango dhaifu halina nafasi. Mwaka 1966 ikaja Poinsett.

(Mwaka huo huo wa 1956, huku kwetu, Kenya Seed ilikuwa inaanzishwa Kitale. Haihusiani. Napenda tu kwamba viko kwenye ukurasa mmoja wa daftari langu.)

Poinsett ndiyo iliyonikalisha chini. Upinzani wake ulitoka kwa tango moja la India ambalo kwenye vitabu vya uzalishaji halina jina. Lina namba: PI 197087. Herufi hizo ni za mpango wa serikali ya Marekani ulioanza 1898 wa kukusanya mimea ya dunia nzima na kuipa kila mmoja namba kwa mpangilio wa kufika. Namba moja ilikuwa kabichi ya Urusi. Ilipofika zamu ya tango hili, walikuwa wameshapita laki moja na tisini na saba elfu. Mahali fulani India kulikuwa na familia iliyopanda tango hilo kila mwaka wa mvua, ikaona linasimama wakati mengine yanakauka, ikaweka mbegu, ikamgawia jirani. Siku moja akapita mkusanyaji, akapewa au akanunua sokoni kiganja kimoja. Kiganja hicho kikaingia kwenye pakiti za bara zima. Upinzani wa PI 197087 ulikinga matango ya Marekani mpaka mwaka 2004, aina mpya ya ubwiri ilipotokea na kuuvunja. Ni karibu miaka 40 tangu Poinsett itolewe. Hakuna mrabaha uliorudi kijijini, na hakuna aliyetarajia urudi, maana wakati ule mbegu ilikuwa kitu cha kupeana.

Marketmore nayo ni hadithi hiyo hiyo kaskazini zaidi, kwenye baridi. Henry Munger wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, alikuwa anapigana na virusi vya batobato, ule ugonjwa unaofanya jani liwe na madoa ya kijani na njano na tunda liwe na vidonda kama ndui. Upinzani wake ulitoka kwa matango marefu ya China na Japani. Marketmore ya kwanza ilitoka 1968, na ile tunayoiona zaidi madukani ni ya 1976, Marketmore 76. Ukisoma jina lake polepole linakuambia lilichaguliwa kwa ajili ya nani: soko. Ngozi nene ya kijani iliyokolea, sawasawa kote, inayovumilia lori. Juu ya paa langu lori la mbali zaidi ni ngazi za orofa nne.

Na zile F1 za bei? Nyingi zina sifa ya kutoa karibu maua ya kike pekee. Kwa kawaida mmea wa tango hutanguliza maua dume mengi, ambayo hayazai chochote, ndiyo maana mtu mgeni wa matango huona maua yanaanguka wiki mbili akadhani amelogwa. Katika miaka ya 1950, Chuo cha Michigan State, mzalishaji aitwaye Peterson alipata sifa ya uke huo kwenye tango lililokusanywa Korea. Nalo lina namba: PI 220860. Kutoka hapo ikawezekana kutengeneza chotara kwa wingi, kwa sababu mmea usio na maua dume hauwezi kujichavusha. Unaupanda kando ya baba unayemtaka, nyuki wanafanya kazi, na kila mbegu unayovuna ni chotara. Kabla ya hapo kazi hiyo ilihitaji vidole vya watu.

Nimetaja nyuki kwa sababu ndipo historia inapokutana na balkoni yako. Aina kama Ashley, Poinsett na Marketmore zinahitaji nyuki. Kuna ukoo mwingine wa matango, yale marefu membamba ya vibanda vya kioo vya Uingereza na Uholanzi, ambao ulichaguliwa katika nchi ambako wakati wa baridi hakuna nyuki ndani ya kioo. Yanazaa bila kuchavushwa, na tunda halina mbegu. Kwa mtu wa orofa ya saba pale Roysambu aliye na dirisha na balkoni ya futi tatu, hilo ndilo tango lake, na asikubali kuuziwa lingine. Wadachi pia ndio waliopata mmea usio na uchungu kabisa: Andeweg na De Bruyn waliuripoti mwaka 1959, na jeni yake inazima uchungu wa majani na tunda pamoja. Starehe hiyo ina bei yake. Utitiri mwekundu, vile vidudu vidogo vinavyosuka utando chini ya majani wakati wa kiangazi, hula mmea usio na kukabitasini kwa raha zaidi. Ile silaha ya Himalaya ilikuwa na kazi.

Mimi niko juu ya paa na jirani yangu ana bougainvillea na basil kwa makopo, kwa hiyo nyuki wapo. Kiangazi cha Januari utitiri upo pia. Mvua ya Aprili inaleta ubwiri kila mwaka bila kukosa. Ukiweka hayo matatu pamoja, majina yale ya wanafunzi wa bweni yanaanza kueleweka. Barnes na mimi tuna hali ya hewa inayofanana kuliko nilivyodhani, angalau kwa miezi miwili.

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Mamangu analima kandokando ya mto huko Makueni, robo ekari, nyanya na mboga, na kila msimu ananunua mbegu upya. Chotara ikikupa mavuno mazuri, mbegu za ndani ya tunda hazitakupa ile ile tena. Watoto wanatawanyika, mmoja anafanana na babu, mwingine na shangazi, na shamba linakuwa na matango ya kila sura. Hilo ni sawa kwa mkulima wa grinhausi anayepiga hesabu ya kilo. Kwa mtu kama mama, msimu ambao pesa ya mbegu haipo ni msimu usiopandwa. Ashley na wenzake zilitolewa na vituo vya umma na huchavushwa huru. Mbegu yake ikitunzwa vizuri inazaa Ashley. Hiyo ndiyo tofauti ambayo muuzaji hakuniambia, na nadhani ndiyo kubwa kuliko zote.

Hapa ndipo sheria inaingia, na naomba uvumilie aya moja au mbili. Kenya ina Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ya mwaka 1972. Mwaka 1999 nchi ikajiunga na UPOV, muungano wa kimataifa unaolinda haki za wanaozalisha aina mpya. Mwaka 2012 sheria ikafanyiwa marekebisho, na matokeo yake yakawa kwamba kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa wala kuthibitishwa kungeweza kukupeleka jela hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote. Yaani kile kitendo cha yule mtu wa India, cha kumjazia jirani kiganja, ndicho kilichokuwa kimeandikwa kama kosa.

Sitajifanya upande wa pili hauna hoja. Mbegu feki zimewamaliza wakulima wa nchi hii. Mtu ananunua pakiti inayong'aa, anapanda, haioti, na msimu umeenda. Virusi vingine vya matango husafiri ndani ya mbegu. Ukaguzi unahitajika, na mimi mwenyewe nataka pakiti ninayonunua iwe imekaguliwa. Lakini kumkamata tapeli anayechapisha pakiti za uongo ni jambo moja, na kumtisha mama wa Makueni aliyefunga mbegu kwenye leso ni jambo lingine, na sheria ile iliwaweka kapu moja. Kampuni ilipata malighafi yake, yaani zile namba za PI, kutoka kwa karne nyingi za watu wa leso.

Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022. Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kuhifadhi na kupeana mbegu zao ni kinyume cha Katiba. Nilisoma habari hiyo kwenye matatu ya Thika Road, jam ya saa kumi na mbili, na kwa siri nikahisi nimefanyiwa kitu binafsi.

Sasa nilichopanda. Ndoo nne za Ashley, lita ishirini kila moja, udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, mimea miwili kwa ndoo. Sikuchanganya na Marketmore, ingawa pakiti ninayo, kwa sababu matango ya aina mbili yakikaa jirani nyuki huyachanganya na mbegu zinakuwa chotara zisizo na mpango. Malenge ya jirani hayana neno. Watu wengi huamini tango likipandwa karibu na malenge au tikiti litaharibika ladha; hapana, hawazaliani, ni zile kromosomu. Ladha ya Ashley? Nzuri, ina maji mengi, ngozi nene kidogo, naimenya. Kwa kachumbari naiweka na ngozi. Na tukiwa hapo, neno kachumbari lilitoka India, ambako kachumber huwa na tango ndani. Yetu ya kuwekwa kwenye smokie ilibaki na nyanya na kitunguu, tango likaachwa njiani, na mimi nalirudisha kila Jumapili.

Tunda la mbegu haliliwi. Unalichagua mapema, kwenye mmea ulionyooka na afya na majani safi wakati wenzake wamepata mabaka, unalifunga uzi mwekundu ili mtu wa kuanika nguo asilichume, na unaliacha. Linanenepa, linageuka njano, halafu hudhurungi, linakuwa kitu cha aibu. Wiki tano au sita baada ya ukubwa wa kuliwa ndipo unalikata. Mbegu zimefunikwa na ute. Unaziweka na maji kidogo kwenye chupa, siku mbili au tatu, inanuka, ute unaachana, mbegu nzima zinazama na tupu zinaelea. Unaosha, unaanika kivulini kwenye sahani, si kwenye gazeti, maana zinagandia. Zikikauka mpaka zinavunjika badala ya kupinda, zitakaa miaka mitano au zaidi mahali pakavu.

Tunda moja lilinipa mbegu za kutosha bahasha tatu. Moja ni yangu. Moja nimempa jirani wa bougainvillea. Ya tatu nimeituma Makueni kwa matatu za Wote, na kwenye bahasha nikaandika jina, mwaka, na kwamba zisipandwe karibu na tango lingine. Mama alipiga simu jioni ile ile. Hakuuliza habari za Charleston wala Katiba. Aliuliza, "Hizi zinataka kupandishwa kwa miti ama zinatambaa tu?"

Nikamwambia azipandishe, tunda likilala chini linaoza kwenye mvua. Akasema miti iko, ile ya maharagwe ya mwaka jana.